Picha Ilipoacha Kuruka

Kufuli lenyewe bado lipo. Linaning'inia kwenye komeo la mlango wa ukumbi, zito, na ukilichunguza utaona kona moja imebonyea kidogo. Kona hiyo ndiyo iliyokutana na mdomo wa jamaa mmoja aliyetaka kuingia kutazama mpira bila kulipa kiingilio. Alizuiwa, akatukana, akasukuma. Jamaa aliondoka kibogoyo, na mwenye ukumbi akabaki na jina. Tangu siku ile hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mama Kufuli, basi.

Usidhani alikuwa jitu la mwanamke. Alikuwa mfupi, mwenye viganja vipana na sauti ya kukwaruza, na mkono mwepesi kuliko ulimi. Mumewe alitoka asubuhi moja kwenda kununua wembe, na mpaka leo ananyoa huko huko aliko. Akamwachia mtoto mchanga wa kiume, nyumba yenye ua, na chumba kirefu cha mabati kilichokuwa ghala. Mama Kufuli akapaka chokaa ukuta wa mbele, akapanga mabenchi, akaning'iniza projekta darini kwa mnyororo wa mbwa, na kwenye kona akaweka kompyuta ya mezani iliyokuwa imetupwa na ofisi fulani. Kompyuta ile aliizungushia wavu wa chuma ili walevi wasiimwagie bia. Nyuma yake kulichomekwa waya wa antena, na hiyo ndiyo ikawa televisheni ya mtaa mzima.

Ilionesha, lakini kwa masharti. Msomaji wa habari alikuwa safi mpaka chunusi zake. Mheshimiwa akihutubia, safi. Balaa lilianza pale kitu kilipokimbia. Mpira uliondoka mguuni hapa ukaonekana wavuni kule, na ulikopita hakuna aliyejua. Wachezaji waliota mistari ubavuni kama meno ya kitana. Feni ndani ya kompyuta ilinguruma, picha ikakwama, ikaruka, ikakwama tena. Bao likifungwa katikati ya mruko, ukumbi uligawanyika kuhusu nani kafunga, na mjadala ulihitimishwa kwa chupa. Ukumbi ule ulikuwa na damu nyingi kwenye kuta kuliko machinjio. Mtu alipasuliwa paji la uso kwa ajili ya kona ambayo hakuna aliyeiona ikipigwa. Mama Kufuli alikuwa anaingia katikati na kipande cha mpira wa kumwagilia maji, anachapa wa timu zote mbili bila upendeleo, na mechi inaendelea.

Kilichochekesha ni kwamba dawa ilikuwa humo humo ndani ya kompyuta. Kulikuwa na kadi ya picha, ya maana kabisa, iliyoachwa na ofisi ile. Fundi wa kwanza aliwahi kuiwasha ifanye kazi ya kuonesha televisheni. Dakika za mwisho za mechi kubwa ukuta mzima ukawa kijani, watu wakasikia shangwe bila kuona chochote, na mabenchi yakageuka silaha. Mama Kufuli alimshika fundi kola, akamkandamiza kwenye wavu mpaka shavu likaacha alama za miraba, akamwambia azime alichowasha. Fundi akazima, akakimbia na bisibisi mkononi. Kuanzia hapo ikawa sheria ya nyumba: hakuna kugusa kadi. Miaka ikapita, picha ikiruka, kadi imekaa kimya humo ndani.

Na mtoto alilelewa kwa mkono ule ule. Hilo Mama Kufuli hakulificha, alijivunia. Alikuwa na mtindo wake ambao wateja waliujua. Ananyanyua mkono wa kulia juu kabisa, na mtoto akiuangalia huo, wa kushoto unatokea chini na kumpata ubavuni. Kwa kikombe kilichovunjika, ubavuni. Kwa kuchelewa dukani, ubavuni. Mtoto alijifunza kutolia. "Mwanangu hana machozi," alikuwa anawaambia wateja kwa sauti ya mtu anayesifia ng'ombe wake. "Nimemtengeneza mwenyewe." Nao wanacheka, maana nani atathubutu kukaa na uso mkavu mbele ya kufuli lile?

Mtoto akakua, akawa bondia. Ulitegemea nini? Alikuwa na kifua kipana na ngumi nzito, na kwa muda aliwalaza watu kama magogo. Mmoja alitolewa ulingoni taya limehama upande. Mwingine alizindukia kwenye gari la wagonjwa, akauliza kama pambano limeshaanza. Mapambano yakaanza kurushwa kwenye televisheni, na Mama Kufuli akawa mama wa mtaa mzima. Kijana akaoa msichana wa kibanda cha kutengeneza kompyuta, mwembamba, mpole wa sauti na mkaidi wa moyo, na mambo yakawa yananyooka.

Kisha akaanza kuanguka.

Walioona walisimulia hivi: kijana anapiga vizuri, anaongoza, mpinzani anavuja damu. Halafu picha inaruka. Ikirudi, kijana yuko chini, magoti kifuani, kinywa wazi, na mwamuzi anahesabu. Hakuna aliyeona ngumi. Ikatokea tena kwenye pambano lililofuata. Ikatokea tena. Hata yeye mwenyewe alipoulizwa alitikisa kichwa. Alisema anasikia tu moto ubavuni, miguu inakataa.

Maneno yakaanza. Aliyeyasema kwa sauti ni kinyozi, jirani mwenye mdomo usiojua breki. Siku ya pambano la tatu, kijana akiwa bado anagaagaa ukutani, kinyozi alisimama juu ya benchi. "Huyu anajilaza!" alipiga kelele. "Mnaona ngumi nyie? Mimi sioni. Ama ameuza pambano, ama ni mwoga!"

Mama Kufuli alivuta benchi lile kutoka chini ya miguu yake, na kinyozi alipodondoka akamshindilia nalo usoni. Pua ilivunjika kwa sauti ambayo wa mstari wa nyuma waliisikia. Ilibidi wanaume wamtoe mwanamke yule juu ya kinyozi, na mmoja wao alirudi kwake na alama za meno mkononi. "Mwanangu si mwoga!" alikuwa anafoka, povu mdomoni. "Nimemtengeneza mwenyewe! Hajui woga!"

Lakini uvumi hauvunjiki kwa benchi. Ulizunguka mpaka ukamfikia mwalimu wa bondia, ambaye kila mara alikuwa kwenye kona nyuma ya mgongo wa kijana na hakuiona ngumi, naye akatoa kauli: pambano lijalo ndilo la kumpima. Akianguka tena bila sababu inayoonekana, hampandishi tena ulingoni, kwa sababu hataki jina lake litajwe pamoja na wauza mapambano. Kijana hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Kwa Mama Kufuli jambo lilikuwa zito zaidi ya kazi. Alikuwa amemzaa mwanamume mmoja tu duniani, na mtaa ulikuwa unamwita mwoga.

Ndipo mkwe wake akaja asubuhi ya pambano, amebeba begi la vifaa, akasimama mbele ya wavu.

"Mama, naomba ufunguo."

"Wa nini?"

"Niwashe kadi ya picha."

Mama Kufuli alimtazama. "Unajua aliyeiwasha mwisho nilimfanya nini?"

"Najua. Draiva yake, ile programu ya kuiendesha, ilikuwa ya zamani, ndiyo maana kukawa kijani. Nimekuja na mpya." Mkwe hakurudi nyuma hata hatua. "Mama, sikiliza. Picha ya televisheni inakuja imekunjwa kama nguo kwenye begi. Ikifika lazima ikunjuliwe. Hapa prosesa, ubongo wa kompyuta, inakunjua peke yake. Mtu akisimama anaongea, kazi ni ndogo. Watu wakianza kupigana, picha zinakuja nyingi kwa mpigo, inazidiwa, nyingine inazitupa. Hizo inazozitupa ndizo ngumi."

"Na hiyo kadi?"

"Kadi imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Imekaa tu humo."

"Mvivu."

"Siyo mvivu, Mama. Imekatazwa."

Mama Kufuli alisonya, lakini alitoa ufunguo shingoni. Alitaka watu waone. Alitaka kinyozi na mtaa mzima waione ngumi, wajue kwamba mwanawe anapigwa kiume na anaanguka kiume. Mkwe alifungua wavu, akapuliza vumbi ndani ya kompyuta mpaka likajaa kwenye nywele zake, akaweka draiva, akaingia kwenye mipangilio ya programu ya televisheni na kuweka alama mahali palipoandikwa kwamba video iharakishwe na kadi ya picha. Kisha akafungua chaneli.

Jambo la kwanza lililotokea ni kimya. Feni iliacha kunguruma. Ukutani kulikuwa na mbio za baiskeli, na mkwe akamwonesha magurudumu: kila waya wa gurudumu ulikuwa unaonekana ukizunguka. Meno ya kitana yalikuwa yamekwisha. Mama Kufuli alisogea karibu, mdomo wazi kama mtoto kwenye dirisha la duka.

"Sasa tutaona," alisema.

"Ndiyo, Mama," alijibu mkwe bila kucheka. "Ndicho ninachotaka. Ni mume wangu."

Alasiri ukumbi ulifurika. Hata kinyozi alikuja, pua imelala upande, akakaa mbali na mkono wa mwenye nyumba. Kengele ikagonga, na ukumbi mzima ukasema "aah" kwa pamoja. Hawakuwahi kuona kitu kile. Ngumi zilikuwa zinasafiri. Ungeweza kuifuata moja kutoka begani mpaka kwenye shavu, ukaliona shavu linavyosukumwa, mate yanavyotoka pembeni mwa kinga ya meno, jasho linavyotawanyika hewani chini ya taa. Kijana alikuwa moto. Alimfungua mpinzani nyusi, damu ikamwingia jichoni. Akamfuata kwenye kamba na kumpa za mfululizo, kichwa, mwili, kichwa, na kila moja ilionekana ikitua. Watu walikuwa wamepanda juu ya mabenchi. Mama Kufuli alikuwa anapiga ngumi hewani na kunguruma. "Mle! Mle mzima mzima! Usimwachie hata mfupa!"

Mpinzani alitoka kwenye kamba akipepesuka. Alikuwa bondia mzee mzee, uso umejaa makovu, lakini macho yake yalikuwa hayajachoka. Raundi iliyofuata alifanya kitu kidogo. Alinyanyua mkono wa kulia juu, kama anayetaka kupiga, wala hakupiga.

Bega la kushoto la kijana lilipanda. Kidevu kikajificha nyuma yake, jicho moja likafumba nusu, na mwili wote ukajikunja kuelekea kulia. Ilikuwa kwa muda wa kupepesa jicho. Zamani picha ingeliruka hapo hapo na kulimeza. Sasa lilikuwa ukutani, kubwa kuliko mlango.

Mkono wa Mama Kufuli ulibaki hewani.

Alikuwa analijua bega lile. Alikuwa ameliona jikoni, karibu na vipande vya kikombe. Alikuwa ameliona mlangoni, mtoto amechelewa na mkate kwapani. Lilikuwa dogo wakati huo, lenye mfupa uliochomoza, lakini lilipanda hivi hivi, na kidevu kilijificha hivi hivi, na ubavu wa kulia ulibaki wazi hivi hivi, ukingoja wa kushoto.

Mpinzani alinyanyua tena mkono wa kulia. Bega likapanda tena. Yule mzee aliangalia, akarudi nyuma, akapumua. Alikuwa ameshajua.

"Shusha bega!" Mama Kufuli alipiga yowe. "Mwanangu, shusha bega!"

Watu wakacheka na kushangilia, wakidhani mama anafundisha. "Msikie kocha!" mmoja alisema. Mama Kufuli akachukua simu, akampigia mwalimu wa kijana. Ililia bila kupokelewa, maana nani anapokea simu kwenye kona ya ulingo? Akaitupa, akaruka mabenchi, akakanyaga miguu ya watu, akafika ukutani na kusimama mbele ya mwanga wa projekta mikono ameitandaza. Pambano likawa linapiganwa kwenye gauni lake na usoni mwake. Ukumbi ukalipuka. Chupa ikampita sikioni na kupasuka kwenye chokaa. Mtu akamshika kiuno kumvuta. Alimpiga kiwiko cha koo, mtu akaenda chini akikohoa. Wa pili akala kofi. Walikuja watatu kwa pamoja, wakamburuta pembeni huku akirusha mateke, na picha ikarudi ukutani kwa wote kuona.

Mkono wa kulia ulipanda. Bega likapanda. Wa kushoto ukatokea chini, mfupi, bila haraka, ukazama ubavuni chini ya mbavu, pale lilipo ini. Kijana alibaki amesimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha magoti yakamwacha.

"Nimeiona!" Aliyepiga kelele alikuwa kinyozi. Alikuwa juu ya benchi, mikono juu, analia na kucheka. "Ini! Kapigwa ini! Jamani, hakujilaza, kapigwa kabisa!" Akashuka, akapenya katikati ya watu mpaka alipokuwa Mama Kufuli, akapiga magoti na pua yake iliyopinda. "Mama, nisamehe. Mwanao si mwoga. Hakuna mwanadamu anayesimama na ngumi ile."

Ukumbi ukampigia makofi mwanawe aliyelala chini. Ndicho alichokuwa amekitaka, kila kitu alichokuwa amekitaka, naye hakukitaka tena. Televisheni ikaanza kurudia pigo lile polepole. Mkono unapanda. Bega linapanda. Kadi haikupoteza hata kipande kimoja. Wakarudia kwa upande mwingine, bega likapanda tena, laini kabisa.

Aliwatikisa waliomshika, akaenda mlangoni, akang'oa kufuli kwenye komeo na kuiendea kompyuta. Watu walijitupa pembeni. Pigo la kwanza lilibonyeza wavu. La pili lilivunja kiungo kimoja. Alikuwa amenyanyua la tatu mkwe alipoingia katikati, mgongo wake kwenye wavu, akamshika kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Imekosa nini, Mama? Imeonesha tu."

Walisukumana hapo, mfupi na mwembamba, wanahema. Mkwe hakuachia. "Na mimi nimeliona lile bega," alisema kwa sauti ya chini. "Analifanya hata nyumbani. Nikinyanyua mkono kuchukua sahani kwenye kabati juu ya kichwa chake, analinyanyua. Siku zote nilidhani ngumi za ulingoni ndizo zilizomfanya hivyo."

Mama Kufuli alifungua vidole. Kufuli likaanguka sakafuni, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Kijana alirudi kesho yake mchana, anatembea ameinamia upande, jicho la kushoto limevimba hadi kufumba. Hakuwa na huzuni, na hilo ndilo lililomuumiza mama yake zaidi. Mwalimu alikuwa amemkumbatia. Sasa imeonekana, alisema, ni ngumi ya halali, atapigana tena. Alikaa kwenye kiti cha jikoni alichokikalia utotoni, mkewe akamwekea chai, naye akaanza kucheka mwenyewe.

"Wanasema huku kwenu mmeiona vizuri kuliko waliokuwa kando ya ulingo wenyewe," alisema. "Mimi bado sijui. Mwalimu ananiambia bega, bega, mimi sijui bega gani. Mama, wewe umeona. Ile ngumi ilitoka wapi?"

Mama Kufuli alikuwa amechovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu. Alikikamua, akamgeukia, akanyanyua mkono wa kulia ili amfute lile jicho.

Bega la kushoto likapanda. Kidevu kikajificha. Ubavu wa kulia, wenye alama nyeusi ya jana, ukawa wazi mbele yake, karibu na mkono wa kushoto uliokuwa unaning'inia bila kazi. Kijana alikuwa bado anatabasamu, anangoja jibu.

"Ilitoka kwangu," alisema Mama Kufuli.

"Aa, Mama bwana! Wewe ulikuwa huku."

"Shusha bega, mwanangu."

"Lipi?"

Mkewe alisogea na kuweka kiganja juu ya bega lile, akalikandamiza taratibu. Halikushuka. Kijana alilitazama kama la mtu mwingine, tabasamu likampungua, akajaribu mwenyewe, akakaza meno, likatetemeka na kubaki pale pale. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye kitambaa na kumlowesha gotini. Mama Kufuli aliurudisha mkono wake chini, polepole sana, mpaka ukalala juu ya meza, na hapo ndipo bega nalo likashuka.